Mche Mkononi

Nilifika Garissa Januari 2013 na sanduku la bati la samawati, lile lile nililokwenda nalo shule ya bweni. Basi lilikuwa limepita Mwingi, likapita Ukasi, likaikata nyika ndefu hadi Madogo, na tulipokuwa tukivuka daraja la mto Tana abiria wa kando yangu akaniuliza, "Umetoka Kenya?" Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua ndivyo wasemavyo wengi huko: ng'ambo ya daraja ni Kenya, upande huu ni kwao. Niliyapenda maneno hayo, ila kwa sababu mbaya. Kama nilikuwa nimeiacha Kenya nyuma, basi nilikuwa safarini, na msafiri hatundiki pazia.

Sikuwahi kuvitoa vitu vyote sandukuni. Nguo nilizitoa mbili mbili, nikazifua, nikazirudisha mle mle. Sisi walimu wa kutoka bara tulikuwa na mazungumzo mawili tu, marupurupu ya mazingira magumu na barua ya uhamisho, na sikumbuki mmoja wetu aliyenunua kabati. Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Julai 1, 2012, Jumapili asubuhi saa ya ibada, makanisa mawili ya mji huo, la AIC na kanisa kuu la Wakatoliki, yalishambuliwa kwa bunduki na maguruneti, na watu zaidi ya 15 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu walijitokeza wakaahidi kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa. Hilo nalo nililisikia, lakini mtu mwenye hofu husikia nusu ya habari.

Ninalotaka kukiri hapa ni kwamba imani yangu nayo ilikuwa kama lile sanduku. Nimelelewa Kitui na nyanya aliyekuwa mshirika wa AIC tangu usichana wake. Kwake dunia ilikuwa kituo cha basi. Tumeketi hapa na vifurushi miguuni, gari litakuja, nacho kituo kitachomwa moto nyuma yetu. Mbingu ilikuwa juu, mbali, na barabara zake za dhahabu. Siku niliyomuuliza mbuzi wetu watakwenda wapi aliniambia nisimfanyie Mungu mzaha. Lakini nyanya huyo huyo alipanda miembe hadi mwaka wa mwisho wa maisha yake, na sikuwahi kumuuliza anampandia nani.

Profesa John Mbiti, mwana wa Mulango, Kitui, alituandika sisi Wakamba hasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1971, kilichotokana na utafiti wake wa Cambridge, alichunguza jinsi Wakamba walivyofundishwa habari za siku za mwisho, akaona kwamba picha za mji, dhahabu na moto zilipokewa kama ramani ya mahali pa kukimbilia, na Kristo mwenyewe akasahaulika katikati ya picha hizo. Mbiti anajulikana zaidi kwa maneno mawili aliyoyachukua katika Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwa dai lake kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazikuwa na wakati ujao wa mbali. Hapo sikubaliani naye. Ile miembe inampinga. Kuhusu ramani ya kukimbilia, alituona vizuri.

Mwenye nyumba wangu Garissa alikuwa mzee Msomali, mfanyabiashara wa mbuzi aliyestaafu, ambaye jioni aliketi nje kwenye mkeka na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Mwaka wa pili aliutazama uwanja wangu, mchanga mtupu na kamba ya nguo, akasema, "Mwalimu, wewe iko hapa mwaka mbili, hata mti moja hujapanda?" Nikamwambia nangoja uhamisho. Akacheka, "Hata mimi nangoja. Nina miaka sabini."

Novemba 22, 2014, abiria 28 wasio Waislamu waliuawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera. Wengi walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa Krismasi. Januari iliyofuata mamia ya walimu walikataa kurudi kaskazini mashariki, na sina ujasiri wa kumlaumu hata mmoja, ingawa watoto wa huko walibaki madarasani wakitazamana. Mimi nilirudi. Haikuwa imani, ilikuwa mkopo.

Kisha ikaja Aprili 2, 2015. Ilikuwa Alhamisi Kuu. Milio ya risasi ilianza alfajiri upande wa chuo kikuu, na hadi jioni mji mzima ulikuwa umejifungia ndani. Waliuawa watu 148, karibu wote wanafunzi, na miongoni mwao wale waliokuwa wamekusanyika kwa maombi ya alfajiri. Ijumaa Kuu niliondoka na gari la kwanza lililokubali abiria. Sanduku nililolitunza tayari miaka miwili kwa ajili ya siku kama hiyo nililiacha chini ya kitanda.

Pasaka ile sikwenda kanisani. Niliketi Kitui nyumbani kwa nyanya, ambaye alikuwa ameshafariki, nikisoma ili macho yawe na kazi, nikafika kwenye habari ya Tomaso. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama habari ya mtu mwenye shaka. Safari hii niliona mikono. Aliyefufuka alikuwa na makovu. Mungu aliyeweza kumtoa kaburini hakushindwa kumpa ngozi laini, lakini alimwachia alama za misumari, na kwa alama hizo rafiki zake wakamtambua. Basi kufufuka hakukuwa kuuacha mwili uliopigwa na kupewa mwingine. Ni ule ule uliosimama, umefanywa mpya. Na kama ndivyo ilivyokuwa kwa mwili mmoja, kwa nini iwe vingine kwa nchi? Katika Ufunuo, mji mtakatifu unashuka. Nilikuwa nimeimba miaka thelathini juu ya kupanda bila kuona kwamba katika kitabu chenyewe mji ndio ushukao, na aliyeketi kwenye kiti cha enzi anaahidi kuvitengeneza upya vilivyopo, badala ya kuvitupa na kuleta vingine. Garissa imo katika vilivyopo. Hata uwanja ule wa chuo umo.

Hapo Kiswahili kilinisaidia kuliko mahubiri mengi. Biblia yetu haisemi maisha ya milele. Inasema uzima. Tukikutana njiani tunaulizana, "U mzima?" Tunasema kikombe kizima, maana hakina ufa, na mtu mzima, maana amekua akatimia. Maisha marefu yasiyo na uzima yaweza kuwa adhabu; muulize aliyelala kitandani miaka kumi akigeuzwa na wengine. Tulichoahidiwa ni uzima, na uzima huanza kuonekana popote kilichovunjika kinapoungwa.

Ndiyo maana namkumbuka Annalena Tonelli, Mwitalia aliyekuja Kenya mwaka 1969 akaishi Wajir kati ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wafugaji hawakukaa hospitali miezi mingi ya dawa, nao wakiondoka ugonjwa uliwarudia. Yeye aliwaacha wapige vibanda vyao wenyewe karibu naye, akahakikisha kila mmoja anameza dawa hadi amepona, na njia hiyo ikaja kuigwa mbali na Wajir. Februari 1984, baada ya wanajeshi kuua raia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, alihudumia majeruhi na kusaidia habari zitoke nje, na kwa hilo ikambidi aondoke nchini. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, bado akitibu kifua kikuu. Alikuwa Mkristo aliyezungukwa na Waislamu, na waliopona kwake hawakuulizwa dini.

Mwenye nyumba alinipigia simu Desemba 2015. "Sanduku yako iko. Panya haijagusa." Wiki hiyo hiyo, Desemba 21, basi jingine lilikuwa limesimamishwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari. Mwezi huo huo chuo kikuu cha Garissa kilifungua tena milango. Nami nikavuka daraja.

Mzee alinikuta nikifagia, akanipa mche wa mwarobaini ndani ya pakiti ya maziwa iliyokatwa. Akaniambia Mtume amefundisha kwamba Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, naye akiweza kuupanda, na aupande. Mimi na yeye hatukubaliani juu ya nani atakuja siku hiyo na itakuwaje, na hatukujifanya tunakubaliana. Lakini mimi niliyekuwa na Ufunuo mzima na mto wake na mti wake nilihitaji Mwislamu wa miaka sabini anishikishe jembe.

Lakini si kila kijani ni uumbaji mpya, na hili ukiishi Garissa utalijua kwa miguu. Kuna mathenge. Mmea huu uliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukaota hata pasipotakiwa, ukafunga njia za mifugo na kingo za mto. Miiba yake hutoboa tairi. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi, hata watu wa Baringo wakaenda mahakamani kwa ajili yake mwaka 2006. Hekta kwa hekta ni kijani kweli, na mfugaji akiitazama analia. Tangu hapo nawaogopa kidogo wahubiri na wanasiasa wanaoahidi kulibadilisha jangwa kwa msimu mmoja.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo. Pembezoni mwa barabara mizoga ilikauka bila kuoza. Desemba 2021 picha ya twiga sita waliokufa Wajir, walionasa kwenye matope ya silanga lililokaribia kukauka, ilizunguka dunia nzima. Wanafunzi wangu waliniuliza swali lile lile nililomuuliza nyanya kuhusu mbuzi, nami sikuwaambia wasimfanyie Mungu mzaha. Nilikumbuka maneno ya Paulo kwa Warumi, kwamba viumbe vyote vinaugua kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na kwamba navyo vitawekwa huru. Uchungu wa kuzaa na uchungu wa kufa husikika sawa kwa aliyesimama nje ya mlango. Mkristo ni mtu aliyeambiwa na mkunga kwamba ni wa kuzaa. Hajaona mtoto bado.

Halafu mvua ikaja, mwishoni mwa 2023, na ikaja yote. Tana ilifurika, mashamba ya ndizi na maembe ya kando ya mto yakazama, barabara ya Madogo ikakatika, tukavushwa kwa mashua pale palipopita mabasi. Isaya aliahidi vijito jangwani, na nakiri kwamba wiki ile sikutaka kumsikia. Ufunuo husema bahari haitakuwapo tena. Sijui watu wa Lamu hulisoma vipi, lakini mama aliyekuwa kwenye hema kando ya lami na watoto wanne angelielewa mara moja.

Kusini mwa kaunti ya Garissa, Ishaqbini, kuna mnyama aitwaye hirola, swala mwenye tezi chini ya macho zinazomfanya aonekane ana macho manne. Wamebaki chini ya 500 duniani, karibu wote huko Garissa na upande wa Tana, ukiondoa kundi dogo lililopelekwa Tsavo. Wafugaji wenyewe, watu wanaohesabu kila shina la nyasi, walitenga sehemu ya malisho yao, na mwaka 2012 ikazungushiwa ua ili hirola wazaane kwa usalama. Namfikiria mnyama huyo kila nisikiapo mahubiri ya kuiaga dunia. Hirola hana mahali pa kuhamia. Ahadi yoyote ya Mungu isiyomfikia pale alipo haimhusu.

Mimi nilihamishwa mwaka 2024. Barua ilikuja baada ya miaka kumi na moja, nilipokuwa nimeacha kuiulizia. Mwenye nyumba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla, na tulimzika kabla ya jua kutua, mimi nikiwa nyuma kabisa ya safu, nikirusha mchanga kama wengine. Sanduku nilimwachia mwalimu kijana aliyechukua nyumba ile. Ametoka Bungoma, na alipofika alikuwa na wasiwasi ule ule.

Wiki iliyopita ameniandikia ujumbe kwamba mwarobaini umepita paa, tawi moja linagusa waya wa umeme, na chini yake mbuzi wa jirani hulala mchana kutwa. Anauliza kama aukate. Nimemjibu akate tawi.