Nyumba Isiyo na Uwani

Kutafuta geto tunakujua wote. Unaongozana na dalali Msewe au Changanyikeni, unauliza kama maji yanatoka, kama luku ni ya kwako peke yako au mnachangia, na kama mwenye nyumba anakaa humo humo. Ukiridhika unamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, hiyo ni yake, halafu unabaki unahesabu boom lililobaki. Mimi sikuwahi kupitia hayo. Tangu kidato cha tano nakaa kwa dada yangu Kimara Korogwe, chuoni nakuja na mwendokasi. Kwa hiyo nyumba ya kwanza kuitafuta maishani mwangu ilikuwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mji ambao sijawahi kuukanyaga. Niliitafutia kitandani, usiku, kwa bando.

Dada ni muuguzi. Aliomba kazi mwenyewe bila wakala, akafaulu mitihani ya huku, akapata nafasi katika hospitali ya St James's. Alitangulia peke yake. Alipewa chumba cha kuanzia, cha mtu mmoja, na ndani ya wiki 12 alitakiwa awe amefanya mtihani wa vitendo wa wauguzi wa kule. Zamu zake ni saa 12 na nusu. Akirudi chumbani anakula amesimama. Muda wa kuzunguka kutafuta nyumba ya familia hakuwa nao, na mume wake na watoto wawili walikuwa bado huku na mimi.

"Wewe ndiye mwalimu wa nyumbani," aliniambia. "Nitafutie mtaa wenye shule."

Basi mwalimu nikajitandaza. Nilichukua daftari nililobakiza baada ya TP, nikachora safu tatu: shule, kodi, umbali wa hospitali. Nyumba za kupanga ziko kwenye Rightmove, na kila shule ina ripoti ya wakaguzi wa Ofsted ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Nilizisoma kama riwaya. Nilikuwa nimetoka kufundisha darasa lenye watoto zaidi ya 90, sasa nasoma kwamba kule madarasa ya watoto wa miaka minne mpaka saba sheria inataka wasizidi 30 kwa mwalimu mmoja. Niliifunga simu nikakaa kimya kidogo.

Ila hiyo 30 ina upande wake wa pili ambao nilichelewa kuuelewa. Shule ikijaa imejaa. Shule nyingi za kule, wakizidi waombaji, zinamtanguliza anayekaa karibu, ndiyo maana watu wanachagua nyumba kwa kuangalia shule. Lakini ukifika katikati ya mwaka wa masomo, hata ukipanga nyumba inayotazamana na geti, kama hakuna kiti mtoto wako anapelekwa shule nyingine yenye nafasi. Mimi nilikuwa napanga watoto kwenye madarasa ambayo labda hayakuwa na hata stuli.

Mtaa wa kwanza kuupenda ulikuwa Horsforth. Shule zinasifiwa, una stesheni ya treni, picha zake zote kijani. Nikamtumia dada. Alinijibu kwa sauti, nikasikia upepo nyuma yake: "Mdogo wangu, Horsforth iko upande wa pili wa mji. Treni hadi katikati, halafu basi. Natoka kazini saa mbili usiku." Leeds ni mji mkubwa lakini hauna tramu wala treni za chini ya ardhi. Mpango wa tramu ulifutwa mwaka 2005, na ule wa mabasi ya umeme ya kwenye nyaya ukakataliwa mwaka 2016. Sisi tunaolalamikia foleni ya mwendokasi tulie kwa adabu.

Nikahamia mashariki, karibu na hospitali. Roundhay ina bustani kubwa yenye ziwa, na kodi ya nyumba tuliyoipenda ilituzidi kwa zaidi ya pauni 300 kwa mwezi. Hapo chini yake ndipo ilipo Harehills, ambako kodi tuliziweza na hospitali mtu anaifikia kwa miguu. Nikaandika jina hilo kwenye simu, kitu cha kwanza kutokea kikawa basi la ghorofa linawaka moto. Ni la Julai 2024. Maofisa wa ustawi wa jamii walikwenda kuwachukua watoto wa familia moja, mtaa ukachafuka, gari la polisi likapinduliwa. Wiki chache baadaye zikafuata zile vurugu za kuwapinga wahamiaji katika miji kadhaa ya Uingereza. Nilimfikiria mpwa wangu mkubwa, miaka saba, ambaye akiona mbwa anajificha nyuma yangu.

Polisi wa kule wanaweka mtandaoni ramani ya uhalifu, mtaa kwa mtaa, kila mwezi. Niliifungua usiku wa manane na nisingekushauri. Kila mahali kuna duara lenye namba. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba maduara makubwa yanakaa kwenye maduka na vituo vya mabasi, kwa sababu huko ndiko watu waliko. Nikajiuliza Kimara ingekuwa na ramani ya namna hiyo, nani angehamia. Na sisi tunaishi, tunaazimana chumvi.

Mwishowe nikapata nyumba Harehills: vyumba viwili, kodi nafuu, dakika kama 15 kwa miguu hadi kazini kwa dada, shule mbili karibu. Safu zote tatu zikawa na alama ya vema. Nikamwonyesha shemeji.

Sijamtaja shemeji mpaka hapa, na ndivyo ilivyokuwa. Ni seremala, ana karakana Keko, na kwa miezi miwili niliyokuwa nachora daftari alikuwa anarudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, anakoga, anawasimamia watoto wale. Nikimwonyesha picha anasema "nzuri", anarudisha simu. Nikajua amekubali.

Safari hii aliishika simu muda mrefu. Akapitisha picha moja moja, akarudia.

"Shemeji, uwani kuko wapi?"

Nikatafuta. Sebule, jiko, ngazi, vyumba, bafu. Mlango wa mbele, ngazi mbili, barabara. Mlango wa nyuma haukuwepo. Nikadhani wamesahau kuupiga picha, nikamuuliza dada. Kumbe ndiyo nyumba zenyewe. Leeds imejaa nyumba zilizojengwa kwa kupeana migongo: ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa jirani, yeye mlango wake uko barabara ya pili. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, na mji huu uliendelea kuzijenga mpaka mwaka 1937, wakati kwingine zilishapigwa marufuku. Nyumba ina mbele tu.

"Shule nzuri iko karibu sana," nikamwambia.

"Shule ni ya watoto," alisema taratibu, kama anapima ubao. "Hospitali ni ya dada yako. Mimi nauliza ya kwangu."

Nilikosa la kusema. Yeye akaendelea. Kumbe alikuwa ameshaamua moyoni kwamba watoto waende, yeye abaki, atakuwa anatuma na kutumiwa. Hakuwa amemwambia dada. Mashine yake ya randa hakuwa ameitangaza kuiuza, na mimi nilifikiri anasubiri bei.

Usiku ule nilichora safu nyingine. Nikaandika majina manne na kuhesabu ni saa ngapi kila mmoja atakuwa macho katika mtaa huo. Dada, siku za zamu, karibu sifuri. Watoto, jioni. Shemeji, siku nzima, siku zote, angalau mwanzoni. Ndiye atakayewapeleka na kuwarudisha. Kiingereza chake ni cha dukani na cha vipimo. Leseni yake ya Tanzania itamruhusu kuendesha kwa miezi 12, baada ya hapo afanye mtihani wa kwao. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mtu aliyezoea Keko, ambako hata chai unainywa ukibishana na watu watano, nilikuwa nimemtafutia nyumba isiyo na nyuma.

Hili sikulisoma kwenye ripoti yoyote. Na nasema hivi kwa sababu baadhi yenu mna kaka na dada wanaofunga mizigo, na kikao cha familia huwa kinamsikiliza mwenye ajira na kuwahurumia watoto. Yule wa tatu anaambiwa tu tarehe ya ndege.

Nilimwambia shemeji lazima dada ajue. Walizungumza chumbani, mlango umefungwa, karibu saa nzima. Sijui walisemezana nini. Asubuhi dada aliniandikia maneno mawili: "Tafuta uwani."

Tukaanza upya, watatu sasa. Tukaangukia Gipton, jirani na Harehills kwa mashariki. Ni nyumba za halmashauri zilizoanza kujengwa miaka ya 1930. Nyingi zina bustani mbele na nyuma, na baadhi ziliuzwa kwa watu binafsi ambao sasa wanapangisha. Hakuna anayejisifu kukaa Gipton, na maduara ya polisi yapo. Kodi ilikuwa juu kidogo kuliko ile ya mwanzo. Amana kisheria haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano, hiyo ilitupa nafuu. Huku tungeambiwa miezi sita mkononi. Mwenye nyumba mmoja alitaka tutume pesa kabla hata dada hajaiona nyumba. Huyo tulimwacha na ujanja wake.

Hii nyingine dada alikwenda kuiona. Halafu siku moja, kwa makusudi, akatoka zamu ya mchana na kutembea kutoka hospitali mpaka mlangoni, usiku, simu mkononi, sisi tukimwangalia kutoka Kimara. Nilimwona mzee anavuta pipa la taka, vijana wawili kwenye baiskeli, duka lenye ndizi za kupika nje. Dada alikuwa anahema. Dakika 35. Mwenye nyumba alikuwa akimsubiri ndani, na shemeji hakumuuliza habari ya sebule. "Zunguka nyuma," alisema. Dada akazunguka. Majani marefu, uzio umelala, na kibanda cha mbao kilichoinama upande mmoja.

"Hicho kibanda," shemeji akasema, "nani alikifunga bawaba hivyo?"

Wamekwenda Februari. Shule tuliyoitaka ilikuwa imejaa, mkubwa amepata nyingine, wanatembea karibu nusu saa yeye na baba yake. Mtoto ameshaanza kunijibu kwa Kiingereza, nikimuuliza kwa Kiswahili anacheka. Shemeji amesimamisha uzio, na jirani akamwomba na wake. Kazi ya mshahara bado hajapata. Kuna wiki hapokei simu yangu, na dada anasema ni baridi.

Mimi nimehamia Msewe, chumba kimoja, luku tunachangia wanne. Mashine ya randa iko Keko, nimeifunika turubai. Kila mwisho wa mwezi shemeji ananitumia hela ya pango la karakana, nakwenda kulipa, napiga picha risiti, namrushia.