Mwani wako umefika Isevya

Wifi yangu mpendwa,

Nimefika Isevya, hapa Tabora mjini. Mie mzima, ila midomo imepasuka na visigino vimefanya magaga, maana kiangazi cha Unyamwezini hakina mzaha. Nilipanda treni ya umeme Dar hadi Dodoma, nikaunganisha basi la Manyoni na Itigi. Watu wa misafara ya zamani walitembea njia hii na mizigo vichwani kutoka Bagamoyo, wakapumzika Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji. Sie tunalalamika siti ngumu!

Sasa habari za sabuni zako za mwani. Nilizitoa jioni, wanawake wa nyumba hii wakazigeuzageuza, wakazinusa karafuu, kisha mmoja akauliza walilokuwa nalo wote moyoni: "Inatakatisha?" Nikamwambia haitakatishi. Anayetaka mkorogo asije kwangu. Vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na vinaharibu ngozi. Wawili wakaondoka. Waliobaki wakaniuliza: basi kazi yake nini?

Nikaona maneno hayatoshi. Ule mwani mkavu ulionifungia niliuosha maji mara kadhaa chumvi iishe, nikauroweka, nikauchemsha kwa moto mdogo mpaka ukayeyuka, nikauchuja. Mwenyeji wangu akachota kwa kijiko, ukavutika, akacheka: "Huu si mlenda huu!" Akajipaka kwenye nywele zilizotoka kuoshwa, kitana kikapita bila kukwama. Ule utelezi ndio karajinani, wifi. Inashika maji na kuyagandisha, ndiyo maana viwanda vinaitia kwenye losheni mafuta na maji yasiachane, na kwenye dawa ya mswaki isijitenge ndani ya tyubu. Kwenye unywele inaacha utando mwembamba unaoulainisha.

Lakini asubuhi alinijia na malalamiko: mikono aliyoipaka mwani usiku imekauka vilevile. Ana haki. Huko kwenu Paje, pwani, hewa yenyewe ina unyevu. Huku mwani unashika maji, na usipoyafunika kwa mafuta, hewa kavu inayanyonya. Tukapata dawa yake sokoni: nta. Tabora ni nchi ya nyuki, ina hata chuo cha ufugaji nyuki, na nta haikosekani. Tukaiyeyusha kidogo ndani ya mafuta ya nazi, ikapoa ikawa mafuta ya mgando. Usiku uliofuata alianza na mwani, akamalizia na nta. Safari hii hakuja kulalamika. Alikuja na kopo tupu.

Ndipo nilipowaza. Tangu kilimo cha mwani wa biashara kianze Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu ya Ufilipino, nyie wanawake mnafunga mbegu kwenye kamba majini, mnavuna, mnaanika, na magunia yanakwenda ng'ambo yakiwa ghafi. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, unakufa maji yakipata moto, mnabaki na aina ya spinosamu ya bei ndogo. Kisha ile karajinani inarudi madukani ndani ya chupa za watu. Nyie wa Paje na wenzenu wa Kidoti mmeshajua kupika sabuni. Lakini mnaitazama hoteli tu, mtalii asipokuja sabuni inakaa rafuni. Bara kuna watu, na ngozi zao zinakauka kila mwaka.

Kwa hiyo niletee unga wa mwani uliosagwa laini, usiotiwa manukato. Ule uliokwisha kuchemshwa hauendi mbali, unachacha baada ya siku chache, bora kila mtu apike wake. Nami nitakuletea nta kwa kilo. Na tafadhali, kwenye karatasi ya pakiti msiandike kwamba unatibu chunusi wala unaotesha nywele. Andikeni namna ya kuupika, kisha mstari mmoja: "Paka mafuta juu yake."

Msalimie kaka, na uniambie bei ya kilo kabla sijarudi, maana huku wameshaanza kuuliza.

Wifi yako