Mafiga Juu ya Nyika

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, nilipata kibarua cha kutafsiri. Mtu mmoja anayepeleka watalii milimani alikuwa akipanga kuzianzisha tena safari za farasi katika uwanda wa Nyika, kaskazini mwa Malawi, na alitaka karatasi yake ya matangazo iwe pia kwa Kiswahili ili aisambaze Mbeya na Dar es Salaam. Karatasi yenyewe ilikuwa kurasa mbili tu. Mimi ni mtoto wa huko, Kiswahili ndicho ninachokisomea, basi nikadhani nitaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilikaa nayo siku tatu. Iliyonikwamisha ni sentensi moja, ile iliyosema kwamba mgeni atapanda farasi siku nzima katika pori ambalo mkono wa mtu haujawahi kuligusa.

Wenzangu wa Tanzania na Kenya wakisikia neno nyika hufikiria nchi kavu ya vichaka na miiba, mahali pa kupita upesi ukielekea kwingine. Nyika yetu haiko hivyo. Ni uwanda wa juu, vilima vya nyasi vinavyofuatana kama mawimbi, na kilele chake kirefu zaidi, Nganda, kinafika mita 2,607. Miti ya asili imejificha mabondeni, penye unyevu. Kwingine kote ni majani na anga. Mwezi Juni na Julai usiku huwa na sakitu, na asubuhi nyasi zinavunjika chini ya kiatu kama vigae vyembamba. Mito mingi inayomwaga maji Ziwa Malawi huanzia huko. Hifadhi ya Taifa iliundwa miaka ya 1960, na leo ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za nchi yetu, zaidi ya kilomita za mraba 3,000.

Kiswahili nilikianzia sokoni Karonga, kwa shangazi aliyeuza vitenge kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Nilipofika chuoni Dar es Salaam ndipo nilipogundua kwamba neno korongo lina maana tatu: ndege mwenye miguu mirefu, mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, na bonde jembamba lililochimbwa na maji. Mwalimu alipolieleza darasani nilicheka peke yangu, wenzangu wakanigeukia. Nilikuwa nimekumbuka siku moja juu ya Nyika nilipowaona makorongo wote watatu kwa wakati mmoja, nikiwa juu ya farasi.

Farasi huyo nilipandishwa na mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Kwa miaka kadhaa mjomba alikuwa saisi pale Chelinda, kituo kilicho katikati ya hifadhi, wakati safari za farasi zilipokuwa zikifanyika. Kwa Kitumbuka farasi tunamwita kavalo, neno la Wareno, na hilo peke yake laonyesha kwamba si mnyama wa kwetu. Kijijini hatukuwa na farasi kwa sababu hawaishi muda mrefu. Bondeni, upande wa Vwaza, kuna mbung'o, na mbung'o huleta nagana. Tena kuna ugonjwa mwingine unaoambukizwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma usiku. Farasi huvimba kichwa, hupumua kwa shida, na mara nyingi hafiki siku ya tatu au ya nne. Baridi ya juu inawapunguza wadudu hao, ndiyo maana uwanda ule uliwafaa farasi. Hata hivyo mjomba hakuuamini. Alikuwa akiwarudisha bandani kabla jua halijazama, na hakuwatoa mpaka jua lipande. Alihesabu tarehe za chanjo vizuri kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake, na mke wake alikuwa akimwambia hivyo mbele ya watu.

Alipokuja nyumbani alinuka ngozi na jasho la farasi, na sisi watoto tulimzunguka ili atueleze. Tulitaka habari za chui. Yeye alipenda zaidi kueleza jinsi wanyama wanavyomwona mtu aliyepanda farasi. Mtu akitembea kwa miguu, alisema, korongo humwona akiwa mbali sana na kuanza kuondoka, kwa sababu umbo la mtu aliyesimama wanalijua tangu zama za upinde. Gari nalo lina kelele, halafu haliwezi kuiacha njia bila kuziumiza nyasi. Farasi ana miguu minne, ananuka majani, anatembea huku akitafuna. Mnyama anamtazama, anaona mwenzake, na kile kilichokaa mgongoni hakitambui. "Ukiwa juu ya farasi," alisema, "wewe si mtu tena." Aliyasema hayo kwa fahari, kama fundi anayeeleza siri ya kazi yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja aliponichukua. Hapakuwa na wageni wiki hiyo na farasi walihitaji mazoezi. Tulipanda kwa lori kupitia lango la Thazima, nikiwa nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Nilipewa farasi mzee wa kijivu, mpole, aliyejua kuwa mimi sijui kitu. Mjomba alifupisha kamba za vikuku mpaka miguu yangu ikafika, akaniwekea hatamu mikononi akasema nisizivute, nizishike kama ninavyomshika kifaranga. Farasi alipoanza kutembea nilihisi ardhi yenyewe inasogea. Tulipoufika mteremko aliingia mwendo wa matiti bila kuniuliza, nikarushwa juu na chini mpaka meno yakagongana, na mjomba nyuma yangu anacheka tu.

Kisha tukavuka kilima na kulikuta kundi. Korongo kama kumi na watano, rangi ya kahawia iliyopauka, nyuso nyeusi na nyeupe kana kwamba wamepakwa rangi kwa ajili ya ngoma. Hawakukimbia. Tulikwenda polepole, kwa mshazari, bila kuwaelekea moja kwa moja, mpaka nikasikia wanavyong'oa majani kwa meno. Ndama mmoja alitusogelea hatua tatu, akanusa, akarudi kwa mama yake. Mbele yao, kwenye kinamasi, walisimama ndege wawili wakubwa wenye shingo nyeupe. Nyuma yao, bonde lililokatwa na maji. Ndiyo siku ya makorongo matatu. Nilisahau baridi. Nimeshapanda ndege kuja kusoma, nimeshaiona bahari, na sijawahi tena kupata kitu kama dakika zile.

Jioni, tulipokwisha kuwafunga farasi na kuwasugua mgongo, tulikaa karibu na moto chini ya misonobari. Misonobari hiyo si ya asili. Ilipandwa wakati wa ukoloni, miaka ya 1950, kwa nia ya kutengeneza karatasi, kisha ikaonekana kwamba kuisafirisha kutoka kule juu hakuwezekani, ikaachwa inasimama. Na samaki wanaovuliwa na wageni katika bwawa la karibu, trauti, nao waliletwa kutoka nje. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Usiku ule nilichokisikia ni mjomba akiniambia jambo ambalo sidhani alilipanga.

Alisema kwamba mara nyingine safari huchukua siku kadhaa, wageni wakilala kwenye mahema, na kuna mara moja waliwapeleka mbali, ukingoni ambako uwanda unaanza kuteremka. Walifika jioni mahali pazuri, tambarare, karibu na kijito. Wapagazi wakaanza kupiga mahema. Mjomba alishuka, akamfunga farasi wake, na alipoinama kutafuta mawe ya kuwashia moto akayakuta mafiga. Matatu, yamezama nusu, yameota kuvu, lakini yamekaa vilevile kama yalivyowekwa. Akatazama kijito, akatazama mwamba wa upande wa pili, akajua amesimama wapi. Lilikuwa jiko la mama yake.

Mwaka 1978 mipaka ya hifadhi ilipanuliwa ili kuvilinda vyanzo vya maji, na Waphoka waliokuwa wakiishi kwenye miteremko wakahamishwa. Waphoka ndio sisi. Wazee wetu walilima ulezi na maharagwe kule juu, na zamani walisifika kwa kuyeyusha chuma. Majembe yao yalitafutwa bondeni. Mjomba alikuwa na miaka saba siku ile ya kuhama. Anakumbuka kuku waliofungwa miguu, na kwamba bibi alifagia uwanja kabla ya kuondoka.

Katika wageni wale alikuwamo mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyemwita mjomba kwa jina lake na kumuuliza habari za watoto. Wakati wa chakula akamuuliza, je, hapa pamewahi kukaa watu? Mjomba akajibu: hapana.

"Kwa nini ulimdanganya?" nilimuuliza.

Alikoroga moto muda mrefu. "Ningesema ndiyo, angeuliza wako wapi. Na mimi ningesema nini? Mmoja wao anakupakulia mchuzi?" Kisha akasema kwamba wageni wale walikuwa wamelipa fedha nyingi ili wawe mbali na watu, naye alikuwa amelipwa ili wafurahi, na wote wawili walipata walichokitaka. Walimpa bahashishi nzuri. Kwa fedha hizo alimnunulia bibi blanketi.

Nilimwona mwoga. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ni hakimu mkali. Safari zile zilipokoma, farasi wakaondoka nazo, mjomba akarudi kulima, na mimi nilibaki na neno lake lile, hapana, kama kijiti jinoni.

Sasa turudi kwenye karatasi yangu ya kurasa mbili. Siku ya kwanza niliitafsiri sentensi ile kama ilivyo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Siku ya pili niliifuta nikaandika kwamba mgeni atapita katika nchi ya nyasi ambamo watu walifua chuma, wakalima na kuzaa watoto mpaka mwaka 1978. Nikaisoma kwa sauti. Hakuna mtu angelipa kupanda farasi baada ya kuisoma. Nilimpigia simu mwenye karatasi, nikamwambia kwamba sentensi moja haina ukweli. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akasema anaelewa, akaongeza kwamba wageni hutafuta utulivu, historia iko makumbusho. Kisha akaniuliza kazi itakuwa tayari lini.

Siku ya tatu niliiacha sentensi nje kabisa. Sikuandika uongo wala sikuandika ukweli. Niliruka kutoka farasi kwenda hali ya hewa. Yeye hasomi Kiswahili, hakugundua, akanilipa. Nilinunua vitabu viwili vya fasihi na tiketi ya basi. Kuna waandishi wanaodai kwamba mfasiri ni daraja tu, na katika mtihani nami niliandika hivyo, nikapata alama. Lakini nilipokaa dirishani kwenye basi la kwenda Rumphi nilijua kuwa nimefanya alichofanya mjomba, tena mimi sikuwa na farasi wa kulisha wala mke wa kumtunza.

Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi. Ni mzee sana sasa, macho yamefifia, lakini masikio yake ni ya kijana. Blanketi lile bado analo, limekuwa jembamba kama khanga. Nilimwambia habari za mafiga, maana mjomba hakuwahi kumwambia, alinionya usiku ule nisimwambie, na nilikuwa nimelitunza onyo hilo miaka kumi. Nilitegemea atalia, au atamkasirikia mwanawe.

"Matatu yote yapo?" aliuliza.

"Yote, bibi."

"Lile la upande wa mlima lilikuwa na ufa. Moto ukizidi lilikuwa linalia." Akanyamaza, kisha akaanza kunitajia majina: ya kijito, ya mwamba, ya nyumba ya jirani wa juu na ya jirani wa chini, ya sehemu ambako haikuruhusiwa kukata mti. Nilitoa daftari la chuo nikayaandika nyuma, kwenye kurasa ambazo hazina mihadhara. Yalifika ishirini na tatu. Nilipokosea tahajia hakujua, lakini nilipokosea kutamka alinirudisha mpaka nikapata.

Alipochoka aliniuliza juu ya wale wanyama wa mjomba. Je, ni wakubwa kuliko ng'ombe? Nikamwambia ni warefu zaidi. Na walilala pale pale, uwanjani? Nikasema ndivyo mjomba alivyoeleza, walifungwa pembeni, karibu na kijito, usiku mzima, wakila.

"Wakila nini?"

"Majani, bibi. Nyasi tu."

"Upande wa kijito?" Akatikisa kichwa taratibu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayedai gunia lililopungua debe moja. "Hizo si nyasi tu. Hapo palikuwa na ulezi wangu."