Tikisa kwanza, alaimenti baadaye

Wadau, leo stori si za lekcha. Ni Hilux ya baba mdogo, ya mwaka 1994, ndiyo inayolipa ada yangu. Ilikuwa inavuta kushoto na kula matairi ya mbele kwa ndani. Alaimenti kafanya mara mbili, hela imeenda, gari lile lile.

Jumamosi tukapiga jeki. Shika tairi juu na chini, tikisa: likicheza, ni bolijointi au bearingi. Shika kushoto na kulia: likicheza, mara nyingi ni tairodi. La kushoto lilicheza kote! Sasa hapo mashine itapima nini? Ukiseti leo, shimo la kwanza tu vipimo vimehama.

Tukabadilisha bolijointi na tairodi. Tosheni baa nazo zilishalegea, gari limeinama mbele, na hilo peke yake linabadilisha mlalo wa tairi. Tukazikaza mpaka pande zote mbili zikalingana kimo. Ndipo tukaenda kwenye mashine: mlalo wa tairi kwanza, kunyoosha matairi yatazame mbele ni mwisho, usukani ukiwa katikati.

Nusu ya bumu langu imeishia kwenye vipuri, lakini gari linakwenda mstari. Mwenye pikapu kuukuu asilipie alaimenti kabla hajatikisa. Haya, nawahi test!