Usiku wa Kwanza wa Heathcliff

Mjukuu wangu mpenzi,

 

Nimeisoma insha yako juu ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847. Umeandika kwamba Heathcliff alizaliwa na roho mbaya. Sikubaliani nawe hata kidogo. Na kwa kuwa umenieleza pia habari za yule mwanafunzi mgeni bwenini kwenu anayechekwa kwa lafudhi yake, siwezi kunyamaza.

Rudi usome sura ya nne. Mzee Earnshaw anakwenda Liverpool kwa miguu, maili 60 kwenda na 60 kurudi, anarejea na Heathcliff, mtoto aliyemwokota mtaani, mchafu, matambara mwilini, anasema maneno yasiyoeleweka na mtu. Hindley, mwana wa mzee, unamkumbuka kwa vile alimpiga mtoto huyo. Lakini usiku ule Cathy, binti wa mzee, ambaye baadaye atampenda kuliko nafsi yake, alimtemea mate. Naye Nelly, mtumishi anayetusimulia kisa, mwanamke mwenye akili zake, alimlaza juu ya ngazi akiomba kukicha awe ametoweka. Siku zilizofuata alikuwa akimfinya, na mtoto akivuta pumzi tu na kukodoa macho, kana kwamba amejiumiza mwenyewe. Hapo nataka usimame, mjukuu wangu. Nelly si mtu mbaya! Ila kwa kuwa hata yeye alifanya hivyo, Hindley alipoinua mkono alikuwa na hakika kwamba nyumbani mle, ukimtoa mzee, hakuna wa kumzuia.

Mzee alipofariki, Hindley alimkatiza Heathcliff masomo na kumtupa shambani na vibarua. Miaka ikapita, Heathcliff akamlea Hareton, mwana wa Hindley, bila kumfundisha kusoma. Unaona alikojifunzia? Simtetei. Hareton hakuwa na kosa, na Isabella, mke wa Heathcliff, aliteswa bure. Ila usiniambie alizaliwa hivyo.

Kilichomgeuza Nelly, huko nyuma Heathcliff akiwa bado mtoto, ni surua. Watoto waliugua, ikabidi amuuguze Heathcliff usiku na mchana, na yule mtoto hakulalamika. Moyo wa Nelly ukalainika kwa kumhudumia, hakuna aliyemhubiria.

Sasa turudi bwenini kwenu. Unasema wewe humdhihaki mgeni wenu, unacheka tu wenzako wakianza. Wewe ni kiranja. Kicheko chako wanakipokea kama ruhusa, na yeye anakisikia kuliko cha wengine wote, maana kwako ndiko angekuja kushtaki.

Umeandika mmempa kitanda cha mlangoni, penye baridi, ambacho hakuna aliyekitaka. Mhamishie karibu na chako kabla ya Jumapili. Ukae naye mezani wakati wa chakula, umuulize kwao ni wapi na mama yake anamwitaje. Mama yako atakuja siku ya wazazi, nimemwambia amletee na yeye kashata.

Bibi yako