Nyasi za Njia ya Namanga

Shangazi,

Nimefika Nairobi salama, mgongo tu ndio unalalamika. Kuanzia Longido abiria wenzangu walichungulia dirishani wakitafuta twiga; mimi nilitazama nyasi, kwa sababu yako.

Ukoka wako wa Dodoma unakunywa maji kuliko wapangaji wako wote, na kiangazi unakauka vilevile. Ng'oa nusu yake, upande nyasi za porini. Kando ya lami huku kuna nyasi zenye masuke ya waridi yanayong'aa jua likiwa nyuma yake. Kitaalamu zinaitwa Melinis repens. Hata kwenu zipo, kwenye mashamba yaliyopumzishwa, na watu wanazifyeka kama magugu! Zinaota hata kwenye changarawe. Shina lake halidumu miaka mingi, lakini mbegu hupeperuka na kuota zenyewe.

Zilizoniteka hasa ni za nyanda za Athi, zile nyekundu-kahawia za Serengeti, Themeda triandra. Mbegu yake ina unywele mrefu ambao hujisokota ukikauka na kujisokotoa ukilowa, na kwa kujizungusha hivyo huichimbia mbegu ardhini. Nani angeamini? Zimezoea moto na meno ya wanyama. Usipozigusa, majani makavu hurundikana, machipukizi yakakosa mwanga, shina likafa. Basi wewe ndiye uwe pundamilia: kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, zifyeke zibaki kimo cha shubiri. Mwagilia msimu wa kwanza tu, na mbolea usitie.

Hapa mjini muuzaji mmoja wa miche alinionyesha nyasi zenye masuke kama mikia ya paka, akasema ni za ng'ambo, na bei ikapanda papo hapo. Za ng'ambo wapi! Ni Pennisetum setaceum, asili yake Afrika, pamoja na huku kwetu Mashariki. Huko Hawaii walizipeleka kama pambo, zikatapakaa juu ya miamba ya volkano, na sasa zinapeleka moto kwenye misitu isiyozoea kuungua. Ndiyo maana nakusisitizia za kwenu.

Mbegu sitakuletea, kuzivusha mpakani kunataka kibali. Tuma mtu barabara ya Kondoa na mfuko wa karatasi akazikusanye, masuke yakishakauka. Wa plastiki utazivundisha.

Msalimie mjomba.