Swali la Mvuvi

Joto likiwa la kiasi ni neema. Mbegu haioti bila ya joto, ng'onda hawakauki, wala mtu hawezi kuishi katika dunia ya barafu tupu. Lakini kila neema ina mpaka wake, na ikiuvuka mpaka huo hugeuka mateso. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi joto la dunia linavyouvuka mpaka wake, na wajibu ulio juu yetu sote, hata sisi tusio na viwanda vikubwa.

Jambo hili lilinijia kwa njia ya swali. Siku moja nilikaa ufukoni Gazi, karibu na Msambweni, pamoja na mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akisuka lema lake. Nilimweleza niliyoyasoma vitabuni, ya kuwa moshi wa wanadamu unaizidishia dunia joto. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimekwenda baharini kwa tanga maisha yangu yote, na nyumbani twapika kwa kuni. Sisi tulichoma nini?" Sikuwa na jibu siku ile. Niliona haya, kwa kuwa niliyajua maneno mengi ya kitabu lakini sikulijua moja la kumpa mzee yule. Insha hii ni jibu langu, nalo limechelewa.

Hewa inayoizunguka dunia ni mfano wa shuka. Mwanga wa jua hupenya na kuipasha ardhi moto. Ardhi nayo hulirudisha joto juu, na shuka huzuia sehemu yake lisitoroke lote. Bila ya shuka hiyo tungaliganda. Ubaya umeingia kwa sababu twaizidisha unene. Tangu viwanda vilipoanza kuenea Ulaya katika karne ya 18 na ya 19, watu wamefukua makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyolala chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, wakavichoma ili kuendesha mitambo, magari, meli na ndege. Vyote hivyo vikichomwa hutoa hewa ya ukaa. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni 1 za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Leo imepita 420. Ukataji wa misitu huongeza balaa, kwa kuwa mti ulio hai huivuta hewa hiyo na kuihifadhi, na ukichomwa huirudisha angani. Kadhalika hewa ya methani, itokayo katika mifugo, majaa ya taka na visima vya mafuta, ni kidogo kwa wingi lakini ni kali kwa kushika joto.

Matokeo yake hayako mbali nasi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya pwani ya Kenya yakageuka meupe kama mifupa. Tumbawe ni kiumbe hai, nacho hulishwa na vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani yake. Joto likizidi huvitapika vijimea hivyo, na hali hiyo ikidumu hufa kwa njaa. Sehemu kubwa ya matumbawe yetu ilikufa mwaka ule. Nawe wajua ya kuwa mwamba wa matumbawe ndio nyumba ya tasi, changu na pweza, na ndio boma linalovunja mawimbi kabla hayajaufikia ufuo wa Diani.

Ukiipa bahari mgongo ukapanda kwenda Kinango, utaona sura nyingine ya jambo lilelile. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha katika sehemu kavu za Kenya, na bara la Kwale lilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Malisho yalikauka na mifugo ikafa. Kisha, mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilikuja kwa kishindo, zikaleta gharika penye watu waliokuwa jana wakililia maji. Ni kweli kwamba ukame na gharika vilikuwako tangu zamani. Lakini hewa yenye joto huufyonza unyevu wa ardhi upesi, tena hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa hiyo kiangazi huwa kikali zaidi, na mvua inyeshapo huwa nzito zaidi. Bahari nayo yapanda, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu za ncha za dunia zinayeyuka. Hata barafu ya Mlima Kenya imebaki kidogo sana.

Sasa turudi kwa mvuvi. Kwa haki, alikuwa na hoja. Kenya nzima hutoa chini ya sehemu 1 katika 100 ya hewa chafu ya dunia. Moshi mwingi ulioko angani ulitoka Marekani, Ulaya na, katika miaka ya karibu, China. Ni kama mtu aliyekula muwa barazani kwa jirani, akamwachia jirani kufagia makapi. Katika Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 mataifa yaliahidi kupunguza moshi, na yaliyo tajiri yaliahidi kuyasaidia yaliyo maskini. Hilo ni deni, nalo yapasa lidaiwe.

Walakini jibu langu lingekuwa nusu kama ningeishia hapo. Nilipolitafakari swali lile, nilikumbuka ya kuwa nyumba niliyolelewa ilisimama kwa boriti za mikoko, na sufuria yetu iliinjikwa juu ya makaa ambayo sikuuliza hata siku moja yalitoka mti gani. Boriti zile na makaa yale hayakuletwa na mgeni. Nilikumbuka pia ya kuwa katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya Gazi zilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda, pakabaki uwanja mtupu wa tope.

Tope hilo lina siri. Majani na mizizi ya mkoko ikifa huzama mahali pasipo na hewa, ambapo kuoza huenda polepole mno. Kwa hiyo ukaa hulala humo kwa mamia ya miaka. Ukiukata mkoko na kulifukua tope lake, hazina hiyo hurudi angani. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa bahari na wanakijiji walianza kuipanda upya mikoko ya Gazi. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117, na kila mwaka hupata malipo kutoka ng'ambo kwa ajili ya tani 3,000 hivi za hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo huizuia. Fedha hizo zimeleta maji safi vijijini na vitabu shuleni. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata mfano huo.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Dunia hutoa tani bilioni 37 hivi za hewa ya ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Tani 3,000 mbele yake ni punje ya mchanga ufukoni. Tena mtu wa ng'ambo akiilipia mikoko yetu kisha akaendelea kuchoma kama jana, amenunua nini ila usingizi mzuri? Mikoko haiwezi kuuosha moshi wa dunia nzima. Dawa hasa ni kuacha kuchoma.

Na jambo hilo lawezekana. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya sasa hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Jua la Kwale ni jingi, nalo laweza kuwasha taa na kuvuta maji ya kisima. Jiko bora hula makaa machache. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imesimama karne kwa karne kwa sababu wazee wa Kidigo walikataza kukata miti yake. Na mwaka 2008 iliingizwa, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia.

Nilirudi Gazi nikamweleza mzee haya yote. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi wao wana deni kwetu." Nikajibu, naam. "Na sisi tuna deni kwa nani?" akauliza, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akicheza majini.

Swali hilo la pili sikulijibu, nami nakuachia wewe. Lidai deni la dunia kwa elimu yako na kwa sauti yako. Lakini usiende kudai mikono mitupu. Nenda ukiwa na tope la mikoko viganjani.